Swali la Mwisho Katika Chumba cha Pembeni

Kiti kilianguka kwa sababu nilisimama ghafla. Ni vile viti vya watoto wanavyotukalisha wazazi siku ya mkutano, magoti yanakaribia kidevu. Mwalimu wa binti yangu alikuwa ananiambia kwa sauti ya upole kwamba kuanzia Jumatatu mtoto atatolewa darasani kila kipindi cha Kiingereza, apelekwe chumba cha pembeni, mpaka shule zifungwe. Hadithi aliyopewa kwenye mtihani wa kusoma alijibu maswali yote sawasawa isipokuwa la mwisho. "Anashindwa kufikiria jambo ambalo halipo," akasema. "Pengine ni lugha ya nyumbani."

Nikaomba karatasi. Hadithi ya mvulana aliyefiwa na mama yake. Swali la mwisho: wewe ungefanya nini kama mama yako angekufa? Mistari kumi, yote mitupu. Nikamuuliza binti yangu kwa nini hakuandika. Akanijibu kwa Kiswidi, macho kwenye viatu: "Si wewe ulisema hayo hayasemwi?"

Hapo ndipo nilipoinuka. Nikasema kwa Kiswahili, sikujali nani anaelewa: "Mlinifanyia mimi. Huyu hamtamfanyia."

Unanijua, mimi si mtu wa kelele. Nimenyamazia mengi katika mji huu, kazini na nje ya kazi. Lakini hicho chumba cha pembeni nakijua. Shule ni ile ile, hapa hapa mtaani kwetu Husby. Tulipotoka mkutanoni nilipita mlangoni pake nikasimama. Harufu ilikuwa haijabadilika, makoti yenye theluji iliyoyeyuka na maganda ya machungwa.

Nilikuwa na miaka kumi nilipowekwa humo. Mimi na bibi yangu tulikuwa tumetoka Bujumbura kupitia Kigoma, hatuna mtu mwingine duniani, na Kiswidi changu kilikuwa cha kuombea maji. Wengine chumbani walikuwa watoto wanne wa Kichina, baba zao wahandisi kwenye maofisi ya Kista, kituo cha treni kinachofuata. Walikuja kwa miaka miwili mitatu, wakaondoka. Hakuna aliyesema nao uwanjani, na hakuna aliyesema na mimi. Kwa hiyo tulisema sisi kwa sisi.

Jirani yangu wa mezani alikuwa msichana mwenye chupa ya maji ya moto na mbegu za alizeti mfukoni. Alinifundisha kuzipasua kwa meno ya mbele bila kuharibu kiini. Mimi nilimletea maandazi ya bibi, yaliyofungwa kwenye gazeti, bado yana uvuguvugu. Wakati wa mapumziko, kwenye baridi ile ya kuuma masikio, tulikuwa na mchezo wetu. Kwa Kiingereza kibovu na Kiswidi kibovu zaidi, mmoja anaanza, mwingine anamalizia. Kama theluji ingekuwa wali. Tungekula mpaka uwanja uonekane. Kama ungekuwa dada yangu. Ningelala upande wa dirishani, wewe unakoroma. Tulicheza hivyo mpaka kengele inalia na midomo imekufa ganzi. Halafu tunaingia ndani, mwalimu wetu wa Kiingereza anatuambia kwamba lugha zetu huenda hazina namna ya kuwaza jambo lisilokuwepo, ndiyo maana tunapata shida. Tulikuwa tunatazamana tu.

Siku moja akatugawia hadithi, mwishoni swali kama lile la binti yangu. Kwa sababu aliijua familia yangu, kwenye karatasi yangu alifuta neno mama akaandika bibi. Nadhani aliona ni wema.

Sikugusa kalamu. Nyumbani kwetu, ukisema tu "siku bibi akifa," hata kwa mzaha, bibi anaacha mwiko kwenye sufuria. "Unanichuria, mtoto? Tema mate." Nami natema chini, pu, kuondoa uchuro, ndipo maharage yanaendelea kukorogwa. Nikamtazama jirani yangu. Naye ameacha wazi. Akageuza uso pembeni, akajifanya anatema mate mara tatu, akagonga meza ya mbao. Nilicheka kwa sauti. Kumbe hata kwao. Wale wengine watatu nao hawakuandika kitu. Mwalimu alikusanya karatasi tano tupu, akaandika kwenye daftari lake kwamba hatujaelewa.

Kila wiki aliturudishia karatasi ile ile. Mwishowe akasema anayejibu atarudi darasa kubwa. Darasa kubwa lilikuwa na madirisha mawili na watoto waliojua kuteleza kwenye barafu. Nilikuwa nimechoka kuwa wa pembeni, sitakudanganya. Nikaandika: kama bibi yangu angekufa, ningelia siku tatu, halafu ningejifunza kupika maharage mwenyewe. Nikatema mate chini ya meza, nikapeleka.

Nilipewa nyota ya dhahabu. Jirani yangu wa mezani alikuwa amekwishasoma nilichoandika, maana alijua Kiingereza kuliko sisi sote. Alisogeza tu chupa yake ya maji upande wa pili wa meza. Niliingia darasa kubwa Jumatatu, na hakuna aliyenisemesha huko pia. Uwanjani nilimwona amesimama na wale watatu. Sikwenda. Majira ya kuchipua baba yake alirudishwa kwao, na sikumuaga.

Na bibi? Bibi aliona nyota. Hakujua Kiingereza, akaniambia nimsomee. Nikamsomea habari za ndege aliyehama wakati wa baridi, nimezitunga hapo hapo, na yeye anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akaibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Miezi. Kila asubuhi nikichukua maziwa nasoma kifo chake kwa mwandiko wangu. Kila mgeni anaonyeshwa. Jirani yetu Mkenya, anayejua Kiingereza, aliisoma amesimama na kikombe cha chai. Akaisoma tena. Akanitazama mimi, nikaangalia sakafu.

"Imesema nini?" bibi akauliza. "Si ndege?"

"Ndege, shosho," akasema. "Mtoto ameandika vizuri."

Bibi alikufa nikiwa na miaka kumi na sita. Ni moyo, daktari alinieleza, na najua kwamba karatasi haiui mtu. Najua. Lakini sikulia siku tatu, sikulia hata moja, na maharage yake mpaka leo sijayapata. Naweka nazi, naweka kitunguu, nasubiri yaive mpaka yapasuke, yanatoka maharage tu. Hakuna tena mtu wa kuniambia nimekosea wapi. Mkenya alihamia Jordbro, upande wa pili wa jiji, simu yake haipiti. Yule msichana sijui hata jina lake liliandikwaje. Siku hizi nikitembea uwanja ule theluji ikiwa nyingi, hakuna wa kumalizia sentensi.

Ndiyo maana binti yangu nilimfundisha kukataa. Na ndiyo maana usiku ule sikumkaripia. Asubuhi nilichukua fomu ya malalamiko ofisini kwa mwalimu mkuu, nikaijaza kwa Kiswidi, pale pale kaunta. Nafasi waliyoacha haikunitosha, nikageuza nyuma:

"Binti yangu alielewa hadithi na alielewa swali. Alikataa kuandika kifo cha mama yake, kwa sababu nyumbani kwetu haifanywi hivyo. Mngemuuliza, angewaambia. Nataka apewe swali lingine. Nataka abaki darasani kwake mpaka atakapolijibu. Nataka mtoto yeyote akiacha mistari wazi aulizwe kwanza kwa nini, kabla hajatolewa. Mkikataa, nataka sababu kwa maandishi, yenye jina la aliyekataa."

Karani aliisoma pande zote mbili. Akaweka kidole mahali pa sahihi ya mzazi wa pili, akauliza kama kuna mwingine anayekuja.

Nikamwambia hakuna mwingine. Gonga muhuri, unipe nakala.