Picha Mbili kwenye Kioo Kimoja

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Magogoni: mpiga picha wa harusi zetu ametutoka, Mungu amrehemu. Wanawake wa Kisauni mtamjua hata nisipomtaja. Ndiye tuliyemruhusu aingie na kamera kwenye sherehe za kumpamba bi harusi, wanawake watupu, tukishavua mabuibui na kujiachia. Picha zile hakumwonyesha mwanamume yeyote, hata mumewe.

Sharti hilo wakati mmoja nusura livunje ndoa ya watu. Bi harusi mmoja hajamaliza mwezi kwa mumewe, picha ikazagaa kwenye simu: binti kwenye kiti chake cha kupambwa, mwanamume kamshika kiuno. Mume akaapa kumwacha baada ya sala ya Ijumaa. Picha ya asili ilikuwamo kwenye kompyuta ya marehemu, lakini imejaa wanawake vichwa wazi, na mume hakuweza kuonyeshwa. Basi Alhamisi marehemu akamwita mama mkwe wa binti. Nilikuwapo, wakati huo jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Mama mkwe alikataa hata maji. Marehemu akazifungua picha mbili ubavu kwa ubavu kwenye programu yake ya kuhariri, akazikuza. "Dada, tazama kiunoni. Hapa gauni limepinda, mtu amebandikwa. Na hii ndiyo niliyopiga mimi." Mama mkwe akasogeza miwani. Kwenye ile ya asili mkono ulikuwa na hina na bangili, na mwenye mkono alikuwa yeye mwenyewe, kamkumbatia mkaza mwanawe huku anacheka. Kisha akampigia mwanawe. "Mkeo haachwi. Aliyemshika ni mimi, nimejiona kwa macho yangu."

Alipotoka, marehemu aliniuliza bila kunitazama, "Na wewe uliwatumia wangapi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Wanne, wallahi, kabla hata sijajiuliza kama ni ya kweli. Akaniamuru niwapigie mmoja mmoja, mbele yake, niwaambie ni ya uongo. Wawili walinijibu kuwa wameshaisambaza, hawakumbuki kwa nani.

Sisi tunaoandika magazetini tunapenda kumlaumu aliyebandika. Yeye alikuwa mmoja, na bila vidole vyetu asingefika popote. Picha ya kumwaibisha mtu ikiingia simuni mwangu siku hizi, sina kompyuta ya kuipimia, na mwenye kuijua kweli yake tumemzika. Naiacha ife kwangu.