Nilipiga foto ya nyumba ya muntu mu Kapata, karte yangu ya komisionere ikawa mashakani

Bakubwa wa humu, jambo yenu bote. Kitu hii ilinifikia mi mwenyewe, sikutia chumvi. Masomo niliachia njiani, kwa hiyo mukiona maandishi inapinda, mupinde nayo.

Baba yangu, kule Kasaji, alikuwa na baiskeli lakini hakuipanda. Aliisukuma kwa mukono toka kwetu mpaka soko. Ukimuuliza, anasema: "Nikipanda, nitasalimia bantu namna gani?" Mama alisema ametuletea mugonjwa wa chuma wa kutembeza.

Na mi nikakuwa muntu wa miguu. Nilipofika Kolwezi, mugodini balinikatalia kazi juu ya kifua (ule dokta alinigonga kama anabisha hodi, lakini hiyo ni habari ingine).

Nikatembea tu. Ukitembea unajua nani anahama, nani amefiwa, mulango gani imefungwa. Ndiyo nikakuwa komisionere: muntu anatafuta nyumba, mi namupeleka. Nimezeekea mule, bila foto, bila karatasi.

Leo biro ya nyumba, ile ofisi ya serikali, inasema kila komisionere aandikishwe, abebe karte, kadi yenye jina na numero yake. Nikasimama mu mustari, nikapewa. Niliivaa shingoni mpaka kanisani. Muke yangu akanong'ona: "Tata, Mungu anakujua. Vua."

Tena bakiriya ba leo, bale banatafuta nyumba, hawatembei. Banataka foto mu telefone kwanza. Binti yangu akanifundisha kupiga.

Shida ikaanza pale.

Kapata munaijua? Ile cité, mutaa wa zamani wa bafanyakazi ba kampuni ya mugodi. Nyumba ziko mustari, zote sura moja kama mikate. Ile niliyopewa kupangisha ilikuwa ya tano kutoka barabara kubwa. Kwa miguu sikosei. Lakini jua lilinipiga usoni, nikazungukia mwisho wa mustari kutafuta mwangaza, nikahesabu tano kutoka kule.

Foto ilitoka muzuri sana, mpaka muti wa maembe wa mulangoni ulionekana! Nikaituma kwa muganga mumoja wa hospitali, mwanamuke, aliyekuwa anatafuta nyumba.

Kesho yake asubuhi, mbele mi sijafika, yeye akaenda na foto mukononi, akabisha: "Nimekuja kupima madirisha, nishone mapazia."

Aliyefungua ni Mama Ngalula, mujane, wazazi yake balitoka Kasai kufanya kazi ya mugodi. Hakuwa anahama popote. Saa sita haijafika, mustari muzima ulikuwa unasema amefukuzwa. Bamama ba kwaya bakaja kumulilia. Mumoja akauliza kama ile sufuria kubwa itabaki.

Mama Ngalula akaomba numero yangu kwa muganga, akanipigia telefone: "Tata, unanipangisha na mi niko ndani? Twende ku biro. Hiyo karte utaivua mbele yangu!"

Bakubwa, nilivaa viatu, nikaenda. Bila karte, ningebaki nyumbani kama kiti yenye miguu mitatu.

Ku biro, mbele ya chef, mukubwa wa pale, tukamukuta Faustin, komisionere mwenzangu, kijana wa viatu ya kung'aa. Alikuwa amesikia, akajileta kuwa shahidi.

"Chef, muzee amechoka. Kazi imekuwa ya telefone. Mumupumuzishe."

Chef akaniuliza. Sikusingizia telefone. Nikasema: nilihesabu kutoka upande mubaya.

Mama Ngalula akaniangalia, akaanza kucheka, akajifunika mudomo. "Chef, hata marehemu bwana yangu, akinywa kidogo, alikuwa anaingia kwa jirani na kuomba chakula. Zile nyumba! Mumuachie karte. Lakini apite mulango kwa mulango, aseme Ngalula hahami."

Nilipita yote, jioni ile ile. Kwa bengi nilikaribishwa kukaa. Na yule muganga alipata nyumba yake ya kweli. Mapazia yake ni ya kijani.

Chef aliniamuru kila foto ionyeshe numero ya mulango. Nafanya hivyo. Funzo yangu ni hii: telefone ipige foto, lakini miguu ifike kwanza. Na ukikosa, sema umekosa. Bakomisionere wenzangu ba humu, karte mumeipata? Mulikosea wapi? Andikeni hapa chini, nitasoma yote pole pole.

Ah, sijamaliza ya Faustin.

Chef alishika kalamu kuandika jina ya shahidi. "Na weye ni komisionere? Numero ya karte?"

"Iko ku nyumba, chef. Naenda kuileta, nakuya sasa hivi."

Akavuta mulango nyuma yake bila kelele. Chef bado anamungojea.