Mashine Iliyokwama Bandarini

Tuliposhushwa kutoka milima ya Vidunda kuja kijiji kipya cha Ujamaa, upande wa Mikumi, tuliahidiwa mashine ya kusaga. Bwana mmoja kutoka wilayani alitutangazia mkutanoni: "Hameni tu, mashine itawakuta huko." Tukahama. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni. Mama mkwe wangu alibeba kinu chake kichwani mpaka bondeni, na bwana yule alipokiona alicheka, akauliza cha nini tena.

Mashine haikutukuta. Kila tulipouliza, jibu lilikuwa lile lile: iko bandarini, Dar es Salaam. Mavuno yakapita, mengine yakaja, sisi tunatwanga. Mama mkwe alianza kuumwa bega, akawa anatwanga kwa mkono mmoja. Nilipomnyang'anya mchi alinigombeza.

"Mwanangu, wewe una mtoto mgongoni. Niache."

Kilichonitia hasira zaidi ni barabara kuu. Ilipita kando ya mashamba yetu, na mchana kutwa malori ya nchi jirani isiyo na bahari yalishuka na shaba, yakapanda na mafuta na ngano. Bandari ni hiyo hiyo. Vya wenzetu vinapita mlangoni kwetu, chetu hakifiki!

Siku moja yule bwana wa wilayani alikuja na wenzake kuhimiza kilimo cha pamba. Wapishi tulikuwa sisi wanawake. Tukawachemshia mahindi mazima, tukawawekea mbele na chumvi pembeni.

"Ugali uko wapi?" akauliza.

"Unga uko bandarini, ndugu," nikamjibu.

Wenzake waliinamisha vichwa. Yeye alifura. "Kama mnadhani nasema uongo, nendeni mkaone wenyewe!"

Tukaenda kweli, mimi na mwenyekiti wa kijiji, juu ya lori la shaba. Mtoto nilimwacha kwa bibi yake.

Nilikuwa sijawahi kuona meli. Nilitarajia moja au mbili, nikazikuta zimetapakaa baharini, zimetia nanga, zinangoja nafasi ya kufunga gatini. Winchi mojawapo ilikuwa mbovu, kwa hiyo makuli walishusha magunia kwa migongo yao. Marobota ya katani yalirundikwa nje yakingoja kupakiwa, na sitashangaa kama mengine yalitoka mashamba ya kwetu Kilosa. Katani ile ndiyo iliyotakiwa kuuzwa nje kulipia mashine kama yetu, nayo ilikuwa imekwama pale pale. Katani yetu haitoki, mashine yetu haiingii.

Karani alitupokea kwa adabu, akatupa viti. Alisema mashine yetu imo ndani ya meli mojawapo kati ya zile zilizokuwa zinangoja.

"Mama, nchi nzima inaingilia mlango huu, na majirani zetu nao. Gati ni chache. Tufanyeje?"

"Mlipotuahidi hamkujua kwamba mlango ni mdogo?"

"Mimi sikukuahidi kitu, mama."

Alisema kweli, na ukweli huo ulinichoma zaidi. Aliyeahidi hakuwa na mlango, na mwenye mlango hakuwa ameahidi. Mwenyekiti alinivuta mkono, tukatoka, nikalia kwa hasira pale getini mbele ya makuli.

Mashine ilifika baada ya masika. Wakati huo mama mkwe hakuweza tena kuinua mkono kujifunga kilemba, na hakuweza tena mpaka alipofariki miaka ya baadaye. Siku ya ufunguzi bwana wa wilayani alirudi, akasema ahadi imetimizwa. Wanawake wenzangu wakapiga vigelegele, na siwalaumu, maana unga ulikuwa unatoka laini, wa moto. Mimi nilisimama.

"Ndugu, kipuri chake kikivunjika, kingine kitapita wapi?"

"Kaa chini, mama. Leo ni siku ya furaha."

"Nimeuliza kitapita wapi. Watoto wetu wataongezeka, mizigo itaongezeka, majirani wataleta zaidi. Mlango mnaupanua lini?"

Mwenyekiti alinikonyeza ninyamaze. Mama mkwe alikuwa ameketi mstari wa mbele, mkono umelala pajani kama si wake. Hakuwa na kawaida ya kusema mbele ya wageni. Siku hiyo alimtazama bwana yule usoni, akasema, "Mjibu mkwe wangu."

Bwana akatazama saa yake, akaagiza ngoma ipigwe.