Meno Niliyosema Nimeyahesabu

Mwanangu, siku ile naikumbuka kila nisikiapo injini ya dizeli ikipanda sauti. Nilikuwa kijana, miguu haitulii. Saa sita nilitakiwa Shanzu, hoteli moja ilikuwa yatafuta fundi, na asubuhi hiyo bado niko Kiembeni, kwenye mashine ya kusaga mahindi ya Mama Kadzo, mimi na Mzee Charo aliyenifunza kazi.

Injini ya mashine ilikuwa kuukuu, haina mita ya kuonyesha mizunguko. Tulikwenda kuifungia mita, pamoja na sensa, kidude kinachosoma meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma. Sasa, mita haijui kuna meno mangapi mpaka uiambie. Wayahesabu wewe, umeinama, waizungusha injini kwa mkono, jino baada ya jino, kuanzia alama ya chaki mpaka irudi. Nilifika thelathini na kitu nikapotea, nikatazama saa. Nikaweka idadi ya injini nyingine niliyoizoea.

"Umehesabu?" Mzee Charo aliniuliza.

"Nimehesabu, baba."

Akaniamini, akatoka na kikombe chake cha kahawa. Nikawasha. Mita ikaonyesha mwendo mdogo, nikaongeza. Bado mdogo, nikaongeza tena. Kumbe meno yalikuwa machache kuliko niliyoiambia mita, ikawa yaonyesha chini ya mwendo wa kweli, na injini ilikuwa yakimbia kupita kiasi. Mzee aliisikia kutoka nje, akaingia mbio kuizima, lakini mkanda unaozungusha mashine ulikuwa umeshakatika ukachapa ukuta, pale pale anaposimama Mama Kadzo kumimina mahindi. Bahati yangu alikuwa ametoka kufuata ungo.

Mzee hakunigombeza. "Mwambie mwenyewe ulichofanya," alisema, akaketi. Nikamwambia Mama Kadzo yote, hata uongo wangu. Akautazama ukuta kitambo.

"Nami husimama hapo kutwa," akasema.

Niliona haya sijapata kuona tena. Shanzu sikwenda. Nilishinda nimeinama na chaki yangu, nikihesabu.

Wewe nawe nakuona, simu mkononi, jicho mlangoni. Haraka yako sikukatazi, hata mimi haijanitoka. Lakini ukiulizwa umehesabu, nawe hukuhesabu, sema sijahesabu. Utasemwa, utachelewa, yatapita. Ila kuna mtu atakayesimama karibu na kazi yako kwa sababu amekuamini, na yeye hana njia ya kujua. Mungu akupe mikono salama, mwanangu, na asikuonyeshe damu ya mtu kwa kosa lako.