Kidole cha Dobi

Dobi alizijua njia za Paris kabla hajapanda ndege hata moja. Kila jioni, pasi ikishapoa, mkewe alikunjua ramani juu ya meza ya kupigia pasi, palepale kwenye blanketi kuukuu lenye alama za moto, akachukua fimbo yake ya darasani na kuanza kumhoji. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyohivyo. Alikuwa amefundisha jiografia mpaka akastaafu, akiwaonyesha watoto wa watu miji asiyowahi kuikanyaga, na mji aliouonyesha kwa mapenzi zaidi ulikuwa huo wenye mnara wa chuma na mto unaopita katikati.

"Tukitoka hotelini, mto uko mkono gani?"

"Kulia."

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Mwalimu, si tutakuwa tumeelekea upande mmoja?"

"Usinijibu kijanja. Daraja la kwanza tunalivuka au tunaliacha?"

"Tunaliacha. La pili ndilo la kwenda makumbusho."

Fimbo ilishuka pale Mwalimu alipodhani pana daraja, ikagonga ukingo wa meza. Dobi aliishika ncha yake akaisogeza taratibu mpaka mtoni, kama mtu anayenyoosha kunyanzi.

Mwalimu alikuwa na presha ya macho. Daktari hakumficha: dawa zingechelewesha tu. Alikuwa ameanza kuuona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lilizidi kuwa jembamba. Walimu wastaafu wenzake walipopanga kwenda kutembea Paris kwa pamoja, alijiandikisha siku hiyohiyo. Wakisubiri mwakani, alisema, yeye ataenda kusikiliza. Na kwa kuwa hakuiamini tena ngazi yoyote, ilibidi mumewe aende naye, awe macho yake. Bila yeye, hakuna safari. Dobi, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kumzika mjomba, alikubali bila maswali, ila moja: mashuka ya hoteli za huko yanapigwa pasi kwa mkono au kwa mashine? Mwalimu akamjibu kwamba hawaendi kukagua mashuka.

Kwenye ofisi ya viza, mambo ya Mwalimu yalinyooka. Ya Dobi yalikwama kwenye kioo cha alama za vidole. Asubuhi hiyo alikuwa amejisugua mikono kwa brashi na jiwe la miguu, kwani alilelewa kwamba mbele ya wakubwa mtu haendi na mikono ya kutiliwa shaka. Na hata bila jiwe, alama zenyewe zilikuwa za kuokoteza. Sabuni ya mche, blu na dawa ya madoa vilikuwa vimezila kidogo kidogo tangu ujana wake. Kioo kilionyesha vidole laini kama migongo ya vijiko. Binti aliyewahudumia alimhurumia, akampa ushauri: apumzishe mikono, asiguse maji wala sabuni, ajipake mafuta, kisha arudi kabla maombi ya kundi lao hayajafungwa. Ngozi itarudi, alisema, na mistari yake.

Dobi alilishika agizo hilo kama mgonjwa anavyoshika dozi. Kufua kulihamia kwa shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, mjane ambaye mtaani aliitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alifulia uani, amevaa glavu za mpira, jambo ambalo Dobi alilidharau tangu zamani, na alifua huku akitangaza. Dobi alikaa mlangoni, mikono imepakwa mafuta ya mgando na kuvikwa soksi. Wateja walimwuliza kama vidole vyake vina mafua. Kuoga aliogeshwa na mkewe, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa.

"Anza na kola, shemeji," alisihi. "Ukianza na mgongo, jasho la kola linahamia chini."

"Bwana mkubwa, tulia kwenye kiti chako. Mafuta yatakudondoka."

Kazi moja tu alijibakizia: pasi. Pasi ni kazi kavu, haina maji wala sabuni, na hakuna aliyemkataza. Alivua soksi, akafuta mafuta, akapiga pasi kama siku zote. Kila alipoongeza mkaa alilamba kidole cha shahada akakigusisha chini ya pasi, chss, na kwa mlio huo alijua kama moto ni wa hariri au wa kitani. Baba yake naye alijua hivyohivyo.

Mistari ikaanza kurudi. Mwalimu hakuweza kuiona, ila aliipapasa kwenye kidole gumba cha mumewe akacheka kidogo. "Inakuja," alisema. "Kama latitudo."

Siku ya kurudi ofisini, kioo kilivipokea vidole kimoja baada ya kingine, mpaka kikafika cha shahada, cha mkono wa kulia. Hicho kikakikataa. Binti akakifuta kioo, akajaribu tena, akakishika kidole mwenyewe akakilaza vizuri. Kioo kikakataa.

"Mzee wangu, hiki kimefanywa nini?"

"Hakijagusa maji. Wala sabuni."

"Mbona kama kimeungua?"

"Mimi siungui, mwanangu, pasi naijua. Ukifanya hivi tu..."

Hakumaliza. Mkono wake ulikuwa umeshakwenda wenyewe: ulimi, kidole, ukingo wa meza. Meza haikutoa mlio wowote. Mwalimu, aliyekuwa kwenye benchi nyuma yao, aliuliza amefanya nini. Kisha akaukumbuka ule mlio wa pasi nyumbani, chss.

"Umelamba?" aliuliza, kwa sauti ileile ya darasani.

"Nimelamba."

"Siku zote hizi?"

"Kila nikiongeza mkaa. Sikujua kama nafanya, Mwalimu."

Binti aliwaeleza kwa upole kwamba ombi lenye kidole kisichosomeka hupelekwa kwa wakubwa, na majibu ya wakubwa huenda yakaja kundi limeshaondoka. Dobi alitafuta mtu wa kugombana naye, hakumpata. Binti mwenyewe alikuwa karibu kulia.

Nyumbani, Redio aliposikia alinyamaza, na hilo lenyewe lilitisha. Kisha akasema, "Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chako, shemeji, kimevunja safari." Mwalimu alikuwa wa kwanza kucheka. Alipomaliza kucheka alisema haendi. Dobi akasema utakwenda. Walivutana mpaka chai ikapoa, na ni Dobi aliyekumbuka kwamba Redio ana pasipoti, tangu alipokwenda ng'ambo kumlea mjukuu. Vidole vya Redio, kwa sababu ya zile glavu, vilisomeka mara moja.

Basi jioni fimbo ikawa mkononi mwa Dobi, na mwanafunzi akawa Redio.

"Mkitoka hotelini, mto uko mkono gani?"

"Si tutauliza watu?"

"Mkono gani, shemeji?"

"Kulia," akajibu Mwalimu kutoka kwenye kiti chake.

"Sijakuuliza wewe," Dobi alisema taratibu. Akamgeukia Redio. "Usitembee mbele yake. Ngazi ikija, sema kabla haijafika. Na mnara usimwambie ni mzuri tu. Mwambie una rangi gani, unaanzia wapi na unaishia wapi, mpaka aupate."

"Na wewe nikuletee habari gani?"

Dobi aliikunja ramani. "Niangalizie mashuka."

Asubuhi waliyoondoka alisimama barabarani mpaka teksi ikakata kona, kisha akarudi ndani. Mashati yalikuwa yanamngoja. Akawasha mkaa, akaufungia kwenye pasi, akainyanyua, na kidole kikaenda ulimini. Hapo akakumbuka. Ombi lake lilikuwa bado kwa wakubwa, na huenda wangekitaka kidole tena. Alikishusha kidole kikiwa kimelowa, akabaki amesimama na pasi mkononi, asijue ina moto kiasi gani.