Hodi Tatu za Mzuka

Aliyeiharibu filamu ile ni mimi. Karibu mwaka mzima nilisema wameiharibu watu wa Nairobi, tena nilisema kwa ufasaha, maana kulaumu ndiyo kazi niliyosomea.

Hadithi yenyewe kila mtu Mambrui anaijua. Mwanamke aliyekufa huja wakati wa magharibi kuomba kaa la moto. Hupiga hodi moja, kisha hunyamaza. Binadamu hupiga tatu. Ndiyo maana nyumbani kwetu hodi ya kwanza huachwa ipite.

Mimi nilipewa mswada nisahihishe Kiswahili. Nilipofika kwenye hodi ile moja, kalamu ikaniwasha. Nikaandika pembeni: "Si adabu. Ziwe tatu." Hadithi niliyolala nayo utoto mzima sikuikumbuka, nilikumbuka adabu tu.

Filamu ikaonyeshwa katika ukumbi mmoja Malindi. Mzuka ukapiga hodi tatu, taratibu, kama mpeleka posa. Ukumbi ukacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu kapita madrasa."

Mama mdogo wangu hakucheka. Aliamini kosa ni la jirani yake, aliyewapikia watu wa kamera na kukaa nao barazani siku mbili akiwasimulia. Wawili hawa wamekua pamoja, wamezikiana waume. Ramadhani ile sahani ya futari haikuvuka uchochoro.

"Kama si yeye ni nani?" aliniuliza. "Si wewe ulizisoma karatasi zao?"

"Nilitazama tahajia tu, mama."

Tangu hapo sikutulia. Nilikwenda Kilifi kwa warsha ya siku tatu, nikarudi siku ya pili. Nilianza makala kali juu ya udhaifu wa filamu ile, nikaifuta, nikaianza tena. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Kila nilipokwenda Mambrui nikapita uchochoroni, jirani aliniuliza, "Mama yako mdogo hajambo?" nami nikajibu hajambo, nikaongeza mwendo.

Juzi asubuhi nikampigia simu mama mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Zile hodi tatu niliziandika mimi."

Nikasikia sufuria ikiteremshwa jikoni.

"Wewe? Na masomo yako yote hayo?"

"Hayo hayo ndiyo yaliyoniponza."

"Nami nimemnunia mwenzangu mwaka mzima."

"Ndiyo, mama. Nitakuja Ijumaa nimwombe radhi."

"Ijumaa ya nini? Usikate simu. Navuka kwake sasa hivi, utamwambia mwenyewe."