Chupa ya Chumvi Niliyoiacha Wazi Bujumbura

Nilikwenda Bujumbura kwa sababu mbili, na ya pili sikumwambia mtu. Ya kwanza ilijulikana kijiji kizima kwetu Mufindi. Kikundi chetu cha mafundi wa mianzi kina shamba moja, na wanachama walikuwa wamegawanyika. Wengine walitaka kukata mianzi ya miaka miwili kwa kuwa wateja wa viti walikuwa wanasubiri. Wengine walisema tungoje mwaka wa tatu, maana mwanzi mchanga huliwa na mdudu bungua kabla mwenye kiti hajakizoea. Kwa kawaida wazee huugonga mwanzi kwa mgongo wa panga na kusikiliza, lakini safari hii masikio yao hayakukubaliana. Mimi ndiye mwenye shahada ya misitu, nikaulizwa. Nikasema ipo mashine inayoweza kujibu, na iko kwa mtu niliyesoma naye Morogoro.

Sababu ya pili ni huyo mtu. Anaitwa Goreth. Darasani nilikuwa wa kwanza na yeye wa pili, miaka yote, na madaftari yangu ya kemia aliyaazima hadi yakachakaa. Sasa yeye anasimamia maabara Bujumbura, mimi nina kabati lenye panga na futi kamba. Alikuwa akinitumia picha za ile mashine, nami nikijibu “Hongera sana” huku roho ikiniuma. Nilitaka kuiona kwa macho yangu. Na kama ni kusema kweli, nilitaka kuikuta mbovu.

Jumamosi alfajiri niliondoka Mafinga na mfuko wa vipande vya mianzi. Kwetu kila chipukizi jipya hufungwa uzi wa rangi ya mwaka wake, kwa hiyo hata mtoto anajua umri wa mwanzi. Nilibeba nyekundu wa mwaka mmoja, bluu wa miwili, njano wa mitatu na nyeupe wa minne. Baada ya siku mbili za basi nilikuwa Kigoma, na kesho yake asubuhi nikapanda milima hadi mpakani Manyovu.

Upande wa pili ofisa wa Burundi alifungua mfuko wangu, akatoa kipande chenye uzi wa bluu.

“Hii ni nini?”

“Mianzi, afande. Naipeleka Bujumbura ikapimwe kwa mashine.”

“Burundi mianzi iko mingi.”

“Najua. Hii inakwenda kupigwa picha ya ndani.”

“Kama mugonjwa?” Akacheka, akanigongea muhuri. “Haya, umupe pole.”

Adhuhuri tulikuwa Rumonge, na hapo tukakaa. Gari halikuwa na mafuta, na foleni ya kituo ilizunguka hadi kwenye michikichi. Nilikaa kivulini karibu na wanawake wanaoanika dagaa, nikijipa moyo kwamba mji usio na mafuta hauwezi kuwa na mashine inayofanya kazi. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, na wala sikuyaonea aibu.

Jioni tuliingia jijini kwa upande wa Kibenga, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Goreth alikuja kunipokea mwenyewe, akaniita kwa jina la utani la chuoni, kama waitwavyo watu wa Iringa.

“Mnyalu! Umefika kweli? Mi nilifikiri utalala Rumonge na hii shida ya essence!”

Nyumba yake iko Kinanira, mlimani. Barazani unaliona ziwa lote na milima ya Kongo nyuma yake. Alinipikia mukeke, akaniwekea samaki mzima, yeye akala mkia. Niliusifu mchuzi, niliisifu nyumba, nikasifu hata pazia. Kila sifa iliyotoka mdomoni iliacha nafasi, na kijicho kikaijaza.

Asubuhi ya siku ya pili tulikwenda maabara, upande wa Kigobe. Mlangoni tulimkuta Mama Furaha, mfanyakazi wa usafi, mwanamke wa Uvira aliyevuka na wanawe wakati wa vita. Alinipa mkono akiwa ameushika kwa mkono wa pili, kama ilivyo desturi ya kule.

Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa nyeupe, si kubwa kuliko cherehani mbili zilizowekwa pamoja, na ilinguruma taratibu. Goreth alisaga kipande changu mpaka kikawa vumbi, akachukua chembe yake kidogo mno, akaichanganya na chumvi maalumu nyeupe, kisha akaibana kwa jeki ya mkono. Kikatoka kidonge chembamba, kinachopitisha nuru kama kioo.

“Sasa hapa napitisha infraredi, ule mwanga jicho haioni,” alisema. “Kila kitu ndani ya mwanzi inakula sehemu yake ya mwanga. Selulosi inakula hapa, lignini inakula pale. Penye inakula sana, mstari unashuka.”

Lignini ndiyo gundi inayoukomaza mwanzi, ndiyo wazee huisikiliza wanapogonga. Mstari wa nyekundu ulichorwa kwenye kompyuta, na bonde la lignini lilikuwa dogo. Dakika chache tu! Mimi nimezunguka na panga miaka kumi.

“Bon, tatizo ni hii chumvi tu,” Goreth aliendelea. “Inapenda maji kuliko mulevi anavyopenda pombe. Ikikunywa unyevu, mashine inaona maji, lignini haionekane vizuri. Na ndiyo chupa ya mwisho, ingine itakuja baada ya miezi.”

Tulisaga vipande vilivyobaki hadi saa tisa, kisha akaenda kumchukua mwanawe shuleni. Aliniachia ufunguo, akaniomba nirudishe chumvi kwenye chombo chake cha kioo kisichopitisha unyevu, na kufunga dirisha. Nje mvua ilikuwa inaanza. Nilisimama mbele ya mashine ile peke yangu. Nikakifungua kifuniko cha chupa, nikakilaza mezani, nikaliacha dirisha wazi, nikafunga mlango na kuondoka. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu na akili zangu timamu. Nilitaka ashindwe siku moja tu, nione uso wake akishindwa.

Siku ya tatu asubuhi chupa ilikuwa imefunikwa na dirisha limefungwa, nikashangaa. Goreth alibana kidonge cha bluu. Kikatoka na ukungu kama dirisha la jikoni. Akarudia, ukungu vilevile. Mstari uliochorwa ulikuwa maji matupu. Gari langu la kurudi lilikuwa kesho alfajiri, na kumbe niliyemharibia ni mimi. Bluu na njano, ambazo ndizo mafundi walinituma nizipime, zilikuwa bado hazijapimwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami niliingia kichwa chini.

Goreth alimwita Mama Furaha.

“Mama, ni we ulifungula hii chupa?”

“Apana, Madame. Asubui nilikuta iko wazi na dirisha iko wazi, mi nikafunga. Vitu vya meza sigusake hata siku moja.”

“Mugeni nilimuambia afunge yote, na ufunguo ingine iko na we. Mara ya pili kitu inaharibika hapa. Mi nitaeleza nini ku chef, mukubwa wangu?”

Mama Furaha alianza kufungua kamba ya aproni yake, polepole, mtu aliyewahi kufukuzwa mahali kabla ya hapo. Nilijua nikisema huenda nikafukuzwa bila majibu, na kijijini watakata mianzi kwa kubahatisha. Nikaiangalia ile kamba.

“Ni mimi,” nikasema. “Jana ufunguo nilikuwa nao mimi.”

Goreth alinigeukia. “Ulisahau?”

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Ningeitika tu, yangeisha.

“Sikusahau. Nilikuonea wivu.”

Alininyooshea kidole kuelekea mlangoni. Nikakaa kwenye korido, kwenye benchi. Ndani nilisikia sauti ya Goreth ikisema “Pardon, Mama.” Baadaye mlango ukafunguka, akatoka Mama Furaha.

“Fulu, ile tanuri ya kukausha, haina courant ya umeme, na betri inabeba mashine tu,” aliniambia. “Nimemuambia Madame, kwetu chumvi ikilowa tunaipasha ku mbabula. Anasema ni sawa, kama itafunikwa vizuri. We utapepea.”

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa kawa la kupepea makaa. Chumvi iliwekwa kwenye bakuli la kauri, bakuli ndani ya sufuria yenye kifuniko, na sufuria juu ya jiko la makaa uani. Nilipepea tangu saa nne hadi saa tisa, Mama Furaha akiwa amekaa kando akichambua mboga zake za lengalenga. Kila nilipolegea alisema, “Baba, moto,” basi.

Saa kumi kidonge kilitoka safi. Goreth alipima vipande vitatu vilivyobaki. Bonde la bluu lilizidi la nyekundu kwa kina kidogo tu. La njano lilishuka sana, na nyeupe ikalifuata karibu sawasawa. Mwaka wa tatu ndio mwanzi unapokomaa, kungoja wa nne hakuongezi kitu. Alichapa karatasi, akanikabidhi.

“Ningekupimia kila mwaka,” alisema. “Ungeomba tu, Mnyalu.”

Alfajiri aliamka kunipikia chai, akanisindikiza kituoni. Kabla gari halijaondoka alinipa kichupa kidogo cha ile chumvi, kimezungushiwa utepe, na juu yake ameandika kwa mkono wake: FUNGA.

Mafundi wameyapokea majibu, na mianzi ya uzi wa bluu bado imesimama shambani. Waliponiuliza nani aliyepima, nilimtaja Goreth, na aliyekausha chumvi nikamtaja Mama Furaha. Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Nikikumbuka ile mashine bado roho inaniuma. Kichupa kiko juu ya kabati la mapanga, na hapa hakina kazi yoyote. Lakini kila asubuhi, kabla sijaenda shambani, nakishika na kuhakikisha kifuniko kimekaza.